Shajara ya Mradi: Utunzaji wa Mazingira katika Kituo cha Kulelea Watoto Mchana

Maandalizi

Mradi huu unahusu kituo kinacholea watoto wa kuanzia miezi michache hadi miaka 5, na lengo lake ni kupunguza maji, umeme na taka zinazotoka kituoni, huku watoto wakikua wakiona kwamba kutunza mazingira ni sehemu ya kawaida ya siku. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 29 kwamba elimu ya mtoto ielekezwe pia katika kumjengea heshima kwa mazingira ya asili. Kwa mtoto wa miaka 2, heshima hiyo haiji kwa mafundisho ya mdomo. Inakuja kwa kuona mlezi akifunga koki, akichambua maganda ya matunda na kukunja karatasi iliyoandikwa upande mmoja ili itumike tena.

Katika kikao cha kwanza mapendekezo mengi yalikuwa ya siku maalumu: siku ya kupanda miti, siku ya kuokota taka, wimbo wa mazingira wa kuimba mbele ya wazazi. Hakuna ubaya wowote katika mambo hayo, ila siku maalumu huisha jioni ile ile na kesho yake koki inaendelea kuvuja. Tuliafikiana basi juu ya kipimo kimoja cha kupitisha au kukataa pendekezo lolote: je, mlezi mwenye mtoto mmoja begani na mwingine anayemvuta nguo anaweza kulitekeleza? Hatua inayomwongezea mlezi kazi bila kumpunguzia nyingine itafuatwa kwa muda mfupi, kisha itaachwa kimyakimya, hata kama ni njema kiasi gani.

Jambo jingine lililoamuliwa mapema ni lugha ya kutumia na watoto. Hawataambiwa habari za dunia inayoungua wala wanyama wanaotoweka. Mtoto wa umri huu hana uwezo wa kubadili mambo hayo, na hofu isiyo na njia ya kutokea humfanya akwepe jambo lenyewe badala ya kulipenda. Watoto wa chini ya miaka 3 hawapangiwi somo lolote. Wao wanaishi tu ndani ya utaratibu. Wakubwa kidogo watapewa kazi ndogo lakini za kweli, yaani kazi ambazo zisipofanyika mtu mzima ataona pengo.

Mwezi wa kwanza: kupima kabla ya kugusa kitu

Mita ya maji na mita ya umeme zinasomwa mara mbili kwa siku, jioni baada ya mtoto wa mwisho kuondoka na asubuhi kabla ya wa kwanza kufika. Usomaji wa usiku ndio wenye faida kubwa zaidi, kwa sababu jengo likiwa tupu mita ya maji haina sababu ya kusogea. Ilisogea. Kwa kuwa hakuna koki iliyoonekana kudondosha maji kiasi hicho, tulikagua vyoo kwa njia ya zamani na rahisi: matone machache ya rangi ya chakula yanatiwa ndani ya tangi la choo, na choo kinaachwa bila kuvutwa kwa nusu saa hivi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, basi mpira wa kuzuia maji ndani ya tangi umechoka na maji yanapita usiku kucha bila kelele. Vyoo vidogo vya watoto ndivyo vilivyopitisha rangi.

Inafaa kukumbuka ukubwa wa jambo hili. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, na choo kinachovuja taratibu kinaweza kupoteza mara nyingi zaidi ya hapo. Mipira ya kubadilishia ni vitu vidogo vinavyobanwa kwa mkono. Kati ya yote yaliyomo katika shajara hii, marekebisho ya vyoo ndiyo yaliyoleta tofauti kubwa kwenye mita kwa kazi ndogo kabisa, na hakuna mtoto aliyeyaona.

Upande wa taka, mifuko ya siku nzima ilifunguliwa uani watoto wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, na watu wazima waliovaa glavu wakaichambua katika mafungu na kupima kila fungu kwa mizani. Fungu zito kuliko yote lilikuwa la nepi, na halikuwa na mshindani. La pili lilikuwa mabaki ya chakula. Karatasi, ambayo kila mtu alidhani ingeongoza kwa sababu ndiyo inayoonekana imetapakaa vyumbani, ilikuja nyuma sana. Bila mizani tungetumia nguvu zetu zote kwenye karatasi.

Mwezi wa kwanza, mwishoni: kunawa mikono

Kunawa mikono hakuguswi kwa lengo la kukupunguza. Watoto wananawa kabla ya kula, baada ya choo, baada ya kucheza na udongo, na wanasugua kwa sabuni kwa sekunde 20. Kinachoweza kupungua ni maji yanayopita wakati wa kusugua. Koki inayotoa lita 6 kwa dakika, ikiachwa wazi kwa sekunde hizo 20, inamwaga lita 2 ambazo hazikuosha chochote. Zidisha kwa idadi ya watoto na idadi ya kunawa kwa siku, na hesabu inakuwa nzito.

Wimbo wa kunawa ambao watoto waliuzoea uligawanywa sehemu tatu: lowesha na ufunge, sugua, fungua na usuuze. Koki za kuzungusha ziliwasumbua watoto wenye mikono midogo, ndiyo maana walikuwa wanaziacha wazi; kwenye sinki moja tumeweka koki ya kusukuma juu na chini kwa majaribio, na tofauti imeonekana papo hapo. Kila wiki mtoto mmoja wa chumba cha wakubwa anakuwa mlinzi wa koki, na kazi yake ni kupita sinki zote kabla ya chakula na kutoa taarifa kwa mwalimu. Taarifa zinatolewa kwa uzito mkubwa, zikiwemo za koki zisizo na tatizo lolote.

Mwezi wa pili: nepi

Hapa mjadala ulikuwa mrefu, na ulistahili kuwa mrefu. Nepi ya kutupa imetengenezwa kwa nyuzi za mti, tabaka za plastiki na chembechembe za sodiamu poliakrileti zinazonyonya mkojo na kugeuka mithili ya uji mzito. Mchanganyiko huo hautenganishwi kirahisi, hauozi pamoja na taka za jikoni, na ukishachafuka hauna anayeutaka. Wajumbe kadhaa walitaka kituo kizima kihamie kwenye nepi za kitambaa mara moja.

Takwimu zinadai subira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na wakala wa mazingira wa Uingereza ulifuata nepi tangu malighafi hadi dampo na kukadiria kwamba mtoto anayevaa za kutupa kwa miaka 2 na nusu husababisha gesijoto sawa na kilo 550 za kaboni dioksaidi, wakati anayevaa za kitambaa, kwa wastani wa ufuaji wa nchi hiyo wakati ule, husababisha kilo 570. Tofauti ni ndogo mno kumpa mtu ushindi. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba nepi za kitambaa zikifuliwa mashine ikiwa imejaa, zikaanikwa nje daima, na zikatumiwa tena na mtoto wa pili, athari hiyo inashuka kwa asilimia 40. Na zikifuliwa kwa nyuzi joto 90 na kukaushwa kwa mashine kila mara, inapanda kwa asilimia 75. Kinachoamua, basi, ni jinsi nepi inavyofuliwa na inavyokaushwa. Kituo kisicho na kamba ya kuanikia na jua la kutosha kisijipongeze kwa kununua vitambaa.

Sisi tunayo kamba na tunalo jua, ila hatuna mikono ya ziada. Tulianza kwa hatua ndogo ambayo haikuonekana ya kishujaa: vitambaa vya kufutia. Vitambaa vyenye maji vya kutupa mara nyingi huwa na nyuzi za plastiki, na vikitupwa chooni huziba mabomba. Vitambaa vya pamba vilivyokatwa kutoka kwenye mataulo ya zamani vinalowekwa maji ya vuguvugu asubuhi, vinatumika, kisha vinafuliwa. Walezi walivipokea haraka kwa sababu kitambaa kimoja cha taulo kinafanya kazi ya vile vya kutupa vitatu au vinne, na mtoto anapata muda mfupi zaidi wa kupiga mateke juu ya meza ya kubadilishia.

Baada ya hapo nepi za kitambaa zimeanza kwa familia zinazozitumia nyumbani na zilizoomba wenyewe. Zilizotumika zinawekwa kwenye ndoo kavu yenye kifuniko kinachofunga, baada ya kinyesi kudondoshwa chooni. Haziloweshwi ndani ya ndoo, kwa kuwa maji ya kulowekea yanaharibu mipira ya miguuni na, kubwa zaidi, ndoo ya maji ni hatari ya kuzamisha mtoto hata ikiwa na kina cha sentimita chache. Zinafuliwa kwa nyuzi joto 60, mashine ikijaa, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo inapaka nyuzi utando na kuzipunguzia uwezo wa kunyonya. Msaidizi wa usafi aliomba jambo moja, nalo likakubaliwa bila mjadala: siku ya mvua kubwa asishurutishwe kuanika ndani ya chumba cha watoto, bali kituo kirudi kwenye nepi za kutupa mpaka hali ya hewa itengemae.

Kuna njia nyingine ya kupunguza nepi ambayo hutajwa mara chache katika mijadala ya mazingira, nayo ni kumzoesha mtoto poti anapoonyesha dalili za kuwa tayari. Dalili hizo kwa watoto wengi huanza kuonekana kati ya miezi 18 na miaka 3: nepi inabaki kavu kwa saa mbili, mtoto anajificha anapotaka haja, anavua nguo mwenyewe. Poti sasa zimewekwa mahali ambapo mtoto anafika peke yake. Hakuna mtoto anayeharakishwa kwa ajili ya mizani ya taka.

Mwezi wa pili: dawa za usafi

Mzazi mmoja alileta pendekezo la kuacha klorini kabisa na kutumia siki kila mahali. Limekubaliwa nusu. Siki inaondoa madoa ya chokaa na kung'arisha vioo, na kwa meza za kuchorea maji na sabuni vinatosha. Lakini meza ya kubadilishia nepi, vyoo, na mahali palipotapikwa ni lazima vitiwe dawa ya kuua vijidudu, na siki haifikii kiwango hicho. Kuhara kukienea katika kituo kunaleta nguo nyingi za kufua, dawa nyingi, na watoto wagonjwa. Huo si uendelevu wa aina yoyote.

Klorini imebaki, kwa vipimo. Zamani ilikuwa inamiminwa kwa macho. Sasa kuna kikombe cha kupimia kilichofungwa kwenye chupa, mchanganyiko unatengenezwa upya kila siku kwa kuwa nguvu yake hupungua, na sehemu inasafishwa kwa sabuni kwanza kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijafikia vijidudu. Chupa za siki zimehamishiwa kabati jingine kabisa, maana siki ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu. Kwa hatua hii matumizi ya dawa yamepungua bila mtu yeyote kukaza mkono.

Mwezi wa tatu: mabaki ya chakula na mboji

Kabla ya kuozesha mabaki ni bora kutokuwa nayo. Chakula kilikuwa kinapakuliwa jikoni kwa kiasi kimoja kwa watoto wote, mwenye njaa na asiye na njaa. Sasa watoto wa chumba cha wakubwa wanajipakulia wenyewe kwa vijiko vidogo kutoka bakuli la katikati ya meza, wakiwa na ruhusa ya kuongeza. Siku za mwanzo chakula kilimwagika mezani kuliko kilivyofika tumboni, na jikoni walilalamika kwa haki. Halafu mikono ikazoea, na ndoo ya mabaki ikawa nyepesi kiasi kwamba mpishi mwenyewe ndiye aliyetaka kujua imepungua kwa kiasi gani.

Maganda ya matunda na mboga, ambayo hayaepukiki, yanakwenda kwenye pipa la mboji nyuma ya jengo. Mboji huhitaji vitu vikavu vyenye kaboni nyingi, kama majani makavu, maranda ya mbao zisizopakwa rangi na karatasi ngumu iliyochanwa, pamoja na vitu vibichi vyenye nitrojeni, kama maganda na nyasi mbichi. Uwiano unaopendekezwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Kwa kuwa hakuna mlezi atakayepiga hesabu hiyo akiwa na ndoo mkononi, maagizo yaliyoandikwa juu ya kifuniko ni haya tu: kila ndoo moja ya maganda, ndoo mbili au tatu za majani makavu. Unyevu unapimwa kwa kukamua konzi moja mkononi, nayo inatakiwa iwe kama sifongo lililokwisha kukamuliwa.

Wiki ya joto kali pipa lilitoa harufu mbaya na inzi wakaongezeka, na jirani akatuma salamu kwa lugha ya adabu. Chanzo kilikuwa kile kile cha kawaida: maganda mengi ya matunda yenye maji, majani makavu machache, na hewa isiyoingia, hivyo vijidudu vinavyoozesha bila hewa vikachukua nafasi. Pipa liligeuzwa, likaongezewa majani, na tabaka kavu likawekwa juu. Tangu hapo gunia la majani makavu linasimama pembeni ya pipa, si stoo, kwani umbali wa hatua chache ulitosha kuwafanya watu waruke hatua hiyo.

Mipaka ya pipa hili ielezwe wazi. Nyama, mafuta na maziwa haviingii, kwa kuwa vinavuta panya. Nepi haziingii, hata zile zinazouzwa kwa sifa ya kuoza, kwa sababu lundo lisilofikia takriban mita moja ya ujazo kwa kawaida halishiki joto la nyuzi 55 na zaidi linalohitajika kuua vimelea. Kinyesi cha mbwa au paka hakiingii kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wanatia maganda, wanatazama nyungunyungu kwa kioo cha kukuzia, kisha wananawa. Nyungunyungu, lazima isemwe, wamefanya kazi ya kufundisha kuliko sisi sote. Mtoto ambaye hakuwahi kukaa kimya alitulia mbele ya pipa mpaka akaitwa mara kadhaa kwenda kula.

Umeme

Hapa hakuna mengi ya kuandika. Balbu za zamani zinabadilishwa kwa za LED kila moja inapoungua, kwa kuwa LED hutumia umeme pungufu kwa asilimia 75 au zaidi ikilinganishwa na balbu ya waya. Taa za mirija zilizobaki zina zebaki, kwa hiyo zinaondolewa watoto wakiwa hawapo na hazitupwi pamoja na taka za kawaida. Meza za kuchorea zimesogezwa dirishani. Kilichotushangaza ni matumizi ya usiku: friji mbili zilikuwa zikifanya kazi ya moja, na ya pili ilikuwa na chupa chache za maji. Imezimwa, imesafishwa, na mlango wake umeondolewa kabisa ili mtoto asije akajifungia ndani.

Mwezi wa nne: uwanja na bustani

Uwanja wa kituo ulikuwa na sakafu ya saruji karibu yote, kwa sababu saruji hufagiliwa upesi. Mwaka 2020 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto 75 wa miaka 3 hadi 5 katika vituo vya kulelea watoto. Katika baadhi ya vituo viwanja vilitandazwa udongo wa msituni wenye mimea yake, nyasi na masanduku ya kupandia, na watoto wakacheza humo kila siku kwa siku 28. Aina za bakteria kwenye ngozi zao ziliongezeka, na vipimo vya damu vikaonyesha mabadiliko yanayohusishwa na kinga ya mwili iliyodhibitiwa vizuri zaidi. Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, na halikupima kama watoto wanaugua kidogo miaka ya baadaye. Hata hivyo linatosha kuondoa dhana kwamba uwanja wa saruji ndio uwanja salama.

Tumevunja saruji upande mmoja tu, ule wenye kivuli. Sehemu hiyo imegawanywa vitalu vidogo. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyebuni shule za chekechea na kuanzisha taasisi yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake na pia kuwe na vitalu vya pamoja vinavyozunguka vile vya mtu mmoja mmoja. Mpango wake una busara ambayo bado inafaa: kitalu cha pamoja peke yake huishia kuwa cha mlezi, na kitalu cha mtoto peke yake hukauka mtoto akiugua wiki moja. Kwa uhaba wa nafasi, watoto wetu wanashirikiana kitalu wawili wawili, na mwenzake asipokuwepo aliyepo anamwagilia kote.

Mbegu zinazochaguliwa ni kubwa, za kushikika na zinazoota haraka: maharage, alizeti, maboga. Haragwe likiwekwa kwenye pamba yenye unyevu ndani ya chupa angavu linatoa mzizi ndani ya siku chache, na subira ya mtoto wa miaka 4 haivuki sana hapo. Kuna tahadhari ambazo haziwezi kuachwa. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo hutambulika kwa rangi kali ya waridi, bluu au kijani, haziingii mikononi mwa watoto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha, kwa hiyo yanahesabiwa kabla na baada ya kupanda. Mimea ya mapambo ilikaguliwa upya, na oleanda iliyokuwa getini imeng'olewa pamoja na mbarika uliojiotea nyuma ya tangi, kwani yote miwili ni ya sumu. Samadi mbichi haitumiki. Sheria za kilimo hai za Marekani hudai ipite angalau siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na kwa vidole vinavyoingia mdomoni kila dakika tumeona heri kutoitumia kabisa.

Kwa maji ya bustani, mpango wa kuvuna mvua umechorwa lakini haujajengwa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10, na tukitoa sehemu ya tano kwa upotevu, linaleta lita 800. Kinachochelewesha ni tangi lenyewe. Ni lazima liwe na kifuniko cha kufungwa kwa kufuli na wavu mwembamba kwenye matundu yote, kwa sababu mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja hadi siku 10 hivi kukiwa na joto. Na maji ya mwanzo ya kila mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yawe na njia ya kumwagwa kando kabla ya kuingia tangini. Fundi wa kwanza alileta tangi lisilo na hata kimoja kati ya hivyo. Limerudishwa.

Vifaa vya kuchezea

Wito kwa wazazi walete vitu vya kutumika tena uliitikiwa kwa wingi uliopitiliza, na stoo ikageuka jalala lenye nia njema. Ilibidi iandikwe orodha ya kinachopokelewa. Maboksi, mabomba ya karatasi, vitambaa na vyungu vya chuma visivyo na ncha kali vinapokelewa. Vifuniko vya chupa za maji, vinavyopendwa na kila mwenye kukusanya, vimepigwa marufuku katika chumba cha wadogo. Silinda inayotumika kupimia vitu vinavyoweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 3 ina kipenyo cha milimita 31.7, na vifuniko vingi vya namna hiyo vinaingia humo bila shida.

Paleti za mbao za kubebea mizigo hukaguliwa muhuri: zenye herufi HT zilitibiwa kwa joto na zinafaa kutengenezea masanduku ya kupandia, zenye MB zilitibiwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu, na hazipokelewi, na zisizo na muhuri hazipokelewi pia. Fanicha za zamani zenye rangi inayobanduka zinakataliwa hata zikiwa nzuri, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Unga wa plastiki unaometameta umeondolewa kwenye kabati la sanaa. Umoja wa Ulaya ulizuia uuzaji wa unga huo uliolegea tangu Oktoba 2023, na yeyote aliyewahi kujaribu kuufagia anajua kwamba hauishi. Mchanga uliotiwa rangi na majani makavu yaliyosagwa vinachukua nafasi yake, na watoto hawajauliza.

Wazazi

Taarifa za mradi zinabandikwa mlangoni zikiwa fupi, mita ya wiki hii kando ya mita ya wiki iliyopita. Wazazi wamezisoma kuliko walivyosoma barua ndefu ya mwanzo. Tumejizuia kuwapangia mambo ya nyumbani kwao, na hasa kuwatumia watoto kama wakaguzi wa wazazi. Mama mmoja alieleza kwamba mwanawe humfungia koki akiwa bado anaosha vyombo. Alicheka alipokuwa akieleza, lakini walezi wameombwa kuwakumbusha watoto kwamba mlinzi wa koki ana zamu kituoni tu.

Yanayosubiri

Tangi jipya la mvua linatarajiwa kabla ya mvua zijazo, na fundi amepewa mchoro wenye kifuniko, wavu na njia ya maji ya mwanzo. Nepi za kitambaa zitabaki kwa familia zilizoomba mpaka ijulikane kama kamba zilizopo zinatosha katika miezi ya mawingu. Ombi la kamba ya pili chini ya paa lililo wazi pembeni limepelekwa kwa mkuu wa kituo. Uchambuzi wa taka utarudiwa kwa mizani ile ile na kwa mafungu yale yale, ili matokeo yaweze kulinganishwa na ya mwezi wa kwanza. Katika likizo mlinzi wa usiku atasoma mita na kugeuza mboji, na msaidizi wa jikoni amekubali kumwonyesha namna ya kufanya hivyo kabla ya kituo kufungwa. Vitalu vitamwagiliwa na familia mbili zinazoishi karibu, zitakazopokezana zamu ya ufunguo wa geti la nyuma.